Kuhoji vita vya nje si usaliti

Kwenye vijiwe vya kahawa Arusha, ukiuliza wanajeshi wetu wanafuata nini Kongo, hakosi wa kukukatiza: "Hayo ya wakubwa, unawasaliti askari." Si kweli.

Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kutangaza vita, lakini ndani ya siku 14 Spika lazima aitishe Bunge, lipitishe azimio la kumuunga mkono au lisipitishe. Ndiyo, kutopitisha kumeandikwa humo humo.

Kulinda amani si kutangaza vita, kwa hiyo sharti hilo haliwagusi waliopelekwa Kongo. Basi hapo mbunge wako ndiyo ambane waziri zaidi! Desemba 2017 walinzi wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini. Anayeuliza walikuwa na zana gani hawatukani marehemu. Huenda ni dada wa mmoja wao.