Goti haliishiwi mafuta: kwa nini tunapigania hudhurio la pili

Huduma ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo na misuli, kijijini haifi siku ya kufunguliwa. Siku hiyo benchi la zahanati halitoshi, wengine wanajipumzisha kwenye nyasi, na karibu wote wamekuja na mambo yaleyale: goti, kiuno, bega, shingo. Inakufa wiki inayofuata, unaposhuka kwenye gari na begi lako ukakuta watu wanne, na mmoja wao amekuja kuulizia dawa ya kikohozi.

Sisi tunaotoka hospitali kwenda zahanati za miteremko ya Kilimanjaro, somo hilo lilituingia taratibu. Mwanzoni tulidhani tatizo ni vifaa. Tukabeba mashine ya mawimbi ya sauti na taa ya joto. Umeme ukapanda na kushuka, mashine ikaungua, na mahudhurio hayakubadilika hata kidogo. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Humo mashine za mawimbi ya sauti, za kusisimua neva kwa umeme, uvutaji wa mgongo na mikanda ya kiuno viliwekwa kwenye kundi la vitu visivyopendekezwa katika tiba ya kila siku. Mazoezi na elimu kwa mgonjwa vilipendekezwa. Nilisoma mwongozo huo risiti ya ile mashine ikiwa bado kabatini.

Kinachomrudisha mgonjwa ni kile alichokielewa siku ya kwanza. Chukua goti. Mtu mzima anayelalamika goti mara nyingi anakuja na maelezo yake tayari: ameambiwa mafuta ya goti yamekwisha. Msemo huu umewaweka ndani watu wengi. Kama mafuta yamekwisha, anayetembea si anasaga chuma kwa chuma? Basi anakaa, paja linanywea, na goti lililokosa msuli wa kulishika linauma zaidi.

Mambo yako hivi. Ncha za mifupa ndani ya goti zimefunikwa na gegedu, tabaka imara lenye utelezi. Gegedu ya mtu mzima haina mishipa ya damu. Lishe yake inatoka kwenye uteute uliomo ndani ya goti, ambao huingia na kutoka kama maji kwenye sponji kila unapokanyaga na kunyanyua mguu. Gegedu ikichakaa, kama inavyotokea umri ukisogea, uzito ukizidi au baada ya jeraha la zamani, kukaa tu hakuitengenezi. Kinachosaidia ni mwendo wa kiasi, na msuli wa mbele ya paja wenye nguvu ya kulipunguzia goti mshindo.

Bibi mmoja nilipomweleza hayo alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "mimi nakata majani ya ng'ombe, nachota maji, nashusha ndizi gulioni, halafu unaniambia nifanye mazoezi?" Hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kuliko hilo, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba mwili una ujanja. Goti la kulia likiuma, mguu wa kushoto unabeba, kiuno kinapinda, mikono inasukuma paja wakati wa kuinuka, na kazi inaisha bila paja la kulia kufanya lolote la maana. Zoezi linaunyima mwili ule ujanja kwa dakika chache.

Nilimwomba akae kwenye benchi, akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mfululizo kwa sekunde 30 huku nikihesabu kwa saa ya simu. Alifika mara 5, na kwenye ile ya tatu mkono ulimtoroka ukataka kushika paja. Akacheka mwenyewe. Nilipunguza maneno hapo hapo. Aliondoka na mazoezi mawili: kuinuka kwenye kiti mara 8 asubuhi na jioni, wakati maji ya chai yanachemka, na kushuka ngazi moja ya mlango wake polepole, akishika fremu. Hilo la pili ni kwa sababu kinachomuumiza ni mteremko. Unaposhuka, msuli wa paja unafanya kazi ya kufunga breki, na pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inagandamizwa. Ukiongeza mkungu kichwani, hesabu unaijua. Kuhusu maumivu tulikubaliana hivi: yakizidi kidogo wakati wa zoezi na kufikia kesho yake yakawa yamerudi yalivyokuwa, aendelee, yakilala naye mpaka asubuhi, apunguze.

Zamani ningempa karatasi yenye mazoezi 8 yaliyochorwa. Karatasi zile nilikuja kuzikuta gulioni zimefungiwa karanga.

Kuna watu wasiopaswa kupewa zoezi lolote kabla ya kuonwa na daktari, na hapa mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye jicho letu la kwanza. Maumivu ya mgongo yanayokuja na homa, jasho la usiku na kupungua uzito yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huku kwetu si hadithi. Ganzi kwenye sehemu za kukalia, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, na miguu inayozidi kuishiwa nguvu ni dharura ya siku hiyohiyo, wala si ya kusubiri siku ya kliniki. Vivyo hivyo kiungo kimoja kilichovimba ghafla, kikawa cha moto, na mgonjwa ana homa. Maumivu baada ya kuanguka yanahitaji eksirei kwanza. Kuchua misuli iliyokaza sina ugomvi nako, kunatuliza kwa muda, ila kuchua mfupa uliovunjika au kuufunga vijiti kwa kubana sana nimeona kukimgharimu kijana mguu mzima.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, tunafanya mazoezi kwa kikundi. Mtaalamu mmoja akimhudumia kila mtu peke yake atamaliza siku kwa wagonjwa wachache. Kwa kikundi anawasimamia watu 10 kwa saa moja, na wanaoneana wivu mzuri. Utaratibu huu una majaribio yake mbali na kwetu pia: Denmark ilianza mwaka 2013 mpango uitwao GLA:D kwa wenye goti na nyonga zilizochakaa, wakipewa elimu kisha mazoezi ya kikundi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Sisi mara mbili kwa wiki hatuwezi kuwadai watu wanaopanda mlima kwa miguu. Tunakutana mara moja, mengine yanafanyika nyumbani, na siku yetu tumeiunganisha na kliniki ya presha na kisukari ili safari iwe moja. Siku ya gulio hatujaribu tena. Tulishindana na gulio mara mbili likatushinda.

Anayetaka kuanzisha huduma kama hii kwenye kata yake atauliza gharama za vifaa. Benchi imara lisiloyumba, khanga ya kunyooshea mguu, chupa ya maji ya lita moja na nusu iwe uzito wa bega, simu yenye saa. Gharama halisi ni mtu wa kufuatilia. Kwenye daftari letu, mbele ya jina, kuna safu ya hudhurio la pili, na ikibaki tupu mhudumu wa jamii anapita nyumbani ndani ya wiki hiyo. Mara nyingi anakuta sababu isiyohusu goti: mgeni, msiba, nauli, mume aliyesema haya mazoezi ni michezo ya watoto. Wakati mwingine anakuta kosa letu, zoezi lilikuwa kali mno na mtu ameogopa kusema.

Bibi yule alirudi. Wiki ya 6 alifika mara 9 kwa sekunde 30, akataka namba hiyo iandikwe kubwa kwenye kadi yake. Goti bado linamsumbua akishuka na ndizi, kwa hiyo sasa anazishusha kwa safari mbili.