Ping inajibu, basi majina yako poa? Dhana zinazotukesha kwenye klasta

Klasta ya Hadoop (mashine kadhaa zinazohifadhi na kuchakata data kwa pamoja) ina ujinga mmoja, jina likikosewa kwenye mashine moja tu inakutupia kosa la kitu kingine kabisa. Unasoma "Connection refused" unaanza kuhangaika na fayawoli mpaka adhana ya alfajiri, kumbe ni mstari mmoja ndani ya /etc/hosts, lile faili linalooanisha majina ya mashine na namba zake za IP. Mimi nilishamaliza Jumamosi nzima hivyo, tena klasta yenyewe ya mashine nne tu, ndo maana siku hizi nikiona unyasi nashtuka.

Dhana ya kwanza, na hii ndo inaongoza: "nimeping master (mashine kuu) inajibu, majina hayana shida."

Ukweli ni kwamba ping, amri ya kuibishia hodi mashine, inakuambia jina limetoa namba na namba hiyo imejibu, basi. Kama ni namba sahihi au siyo, hilo ni juu yako kuangalia. Ukiwa kwenye master yenyewe ukaping jina lake ikakujibu 127.0.1.1, hapo unajipigia simu mwenyewe, maana namba zinazoanza na 127 ni za mashine kujirudia yenyewe! Debian na Ubuntu ukiziinstoli kwa kawaida zinaandika mstari wa 127.0.1.1 na jina la mashine kwenye /etc/hosts, kwenye laptopu hauna neno, ila kwenye klasta NameNode (programu ya Hadoop ya kwenye master, inayojua data iko wapi) inasoma jina lake, inapata 127.0.1.1, inaenda kufungua porti yake huko huko ndani, halafu DataNode (zile zinazohifadhi data) za mashine zingine zinakuja kugonga kwenye IP ya mtandao zinakuta hakuna mtu. Ndo hiyo "refused" yako. Ingia master, andika ss -ltn, uone porti ya NameNode (wengi wanaweka 9000 au 8020) imekaa kwenye anwani gani. Ikiwa imeanza na 127, toa jina la mashine kwenye ule mstari uliweke kwenye mstari wa IP ya LAN (mtandao wa ndani), baada ya namba, halafu izime NameNode na uiwashe upya. Mstari wa 127.0.0.1 localhost usiuguse jamani, kuna watu wanafuta vyote kwa hasira halafu wanazua balaa jingine. Na kama mashine zako ni za kukodi kwenye klaudi, angalia cloud-init (programu inayoiandaa mashine ya klaudi inapowaka), ikiwa imeambiwa isimamie /etc/hosts itaiandika upya mashine ikiwaka na marekebisho yako yote yanapotea.

Halafu kuna wale wa "nimetesti na dig imeleta IP sahihi, kwa hiyo shida ni programu." Hapana bana. dig na nslookup (amri za kutafuta IP ya jina) zinaenda kuuliza seva ya DNS, ile inayojibu jina lina IP gani, moja kwa moja, /etc/hosts hazina habari nayo kabisa. Programu zenyewe kwenye Linux nyingi zinapita njia nyingine, zinaangalia kwanza /etc/nsswitch.conf, pale kwenye mstari wa hosts, ukikuta "files dns" maana yake faili linasomwa kwanza ndo DNS inafuata, kwa hiyo faili likiwa na IP ya mwaka juzi dig itakupa ukweli na Hadoop itapewa uongo, na wote wawili wako kwenye mashine moja. Tumia getent hosts ukifuatisha na jina, hiyo ndo inapita njia ile ile ya programu. Na uiendeshe kwenye KILA nodi, siyo master peke yake, maana kila mashine ina faili lake na haijui mwenzake kaandikiwa nini.

Hii nyingine naipenda: "nimeweka 8.8.8.8 ya pili kwenye resolv.conf, ya ndani isipolijua jina itauliza ya Google." resolv.conf ndo faili linaloorodhesha seva za DNS za kuulizwa, na 8.8.8.8 ni ya Google. Seva ya pili inaulizwa pale tu ile ya kwanza ikinyamaza. Ya kwanza ikisema jina halipo, hilo ni jibu, safari imeishia hapo. Sasa siku DNS yako ya ndani ikichelewa kidogo, swali linasubiri sekunde 5 halafu linaenda Google, ambao watamjulia wapi master01 wa ofisini kwenu? Wanasema hayupo. Ndo unapata kosa linalokuja na kuondoka, saa nne kazi inapita saa tano inafeli, na hakuna aliyegusa kitu.

Kuna pia kudhani jina kwenda IP inatosha. DataNode inapojiandikisha NameNode inaweza kuigeuza IP irudi kuwa jina, ikishindwa inaikataa na kwenye logi inaandika kwamba hostname haikupatikana. Kuna kipengele cha kuzima ukaguzi huo, ila mimi naona ni kufunika shimo kwa mkeka, bora uandike rekodi za kurudi, yaani za IP kwenda jina.

Umerekebisha na bado inagoma? Usirudishe ulichobadilisha! Java inaweka majibu kwenye kashe (inayakumbuka kwa muda), nscd, programu ya Linux ya kutunza majibu hayo, ikiwepo nayo ina yake, na programu iliyowaka tangu jana inaweza kuwa imeng'ang'ania anwani ya zamani, izime iwashe.

Na kama nodi umeiita node_1, badilisha iwe node-1. Ile alama ya chini hairuhusiwi kwenye majina ya mashine, Linux inaweza kukunyamazia ila Java ikiikuta kwenye anwani inasema jina ni null.