Je, wajua nyumba za milimani zilivyomwangusha kigogo wa jimbo China?

Nchini China, mkubwa wa jimbo si gavana, ni katibu wa Chama cha Kikomunisti. Zhao Zhengyong alivishika vyeo vyote viwili. Alitokea kiwanda cha chuma cha Ma'anshan, jimboni Anhui, akahamishiwa Shaanxi mwaka 2001, akawa gavana, na mwaka 2012 akawa katibu.

Kusini mwa Xi'an, mji mkuu wa Shaanxi, iko milima ya Qinling inayoupa mji huo maji. Tangu 2003 ilikuwa marufuku kujenga nyumba za kuuza au za kifahari kwenye miteremko yake ya kaskazini. Matajiri wakajenga tu. Nyumba moja ilimeza zaidi ya ekari mbili za ardhi, ikiwa na mabwawa ya samaki na banda la mbwa la mita za mraba 78. Banda la mbwa!

Mei 2014, Xi Jinping aliagiza jambo hilo lichunguzwe. Zhao aliandika maneno machache kwenye waraka, akaushusha kwa walio chini yake, bila hata kuufikisha kwenye kikao cha kamati ya Chama ya jimbo. Kosa lake kubwa lilikuwa hapo. Ripoti ikarudi na nyumba 202. Maagizo ya Xi yalifika sita, na timu ya Beijing ilipotua Julai 2018, hesabu ikawa 1,194. Nyumba 1,185 zilibomolewa, 9 zikataifishwa.

Januari 2019 Zhao, akiwa ameshastaafu, alitiwa mikononi mwa tume ya nidhamu ya Chama. Huanza tume, kisha mahakama. Wakati huo tume iliweza kumweka mtu ndani miezi 3, ikaongeza 3 mingine, bila wakili. Mwaka mmoja baadaye akafukuzwa Chamani, na kesi ikapelekwa Tianjin, mbali na watu wake.

Huko alishtakiwa kwa rushwa, si kwa nyumba: yuan milioni 717 kati ya 2003 na 2018, nyingine akishirikiana na mkewe. Milioni 291 alikuwa hajazipokea bado. Mahakama ilizihesabu kuwa jaribio la kosa. Kwa kuwa pia alikiri na mali ikarejeshwa, tarehe 31 Julai 2020 alihukumiwa kifo kilichoahirishwa miaka 2. Asipotenda kosa la makusudi katika muda huo, adhabu hugeuka kifungo cha maisha, na kwa Zhao mahakama iliamuru kabisa kisipunguzwe, wala asiachiwe kwa msamaha wa masharti.