Afisa uhamiaji akiuliza pesa, mara nyingi haulizi pesa

Mteja wangu mmoja alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa ugenini akiwa na pesa nyingi benki kuliko ninazopata mimi kwa mwaka mzima. Alinipigia simu usiku, sauti imepanda. "Kaka, nimewafungulia akaunti yote waione, halafu wananiandikia sina njia ya kujikimu! Wanajua kusoma kweli hawa?"

Nilimwomba anitumie picha za kurasa za pasipoti yake. Zilikuwa zimejaa mihuri ya nchi ileile: amekaa siku sitini, ametoka siku tatu, ameingia tena siku sitini. Hakuna aliyekuwa na shaka na salio lake. Walichotilia shaka ni neno "utalii" alilokuwa akilirudia kila anapofika dirishani.

Kazi yangu ni kuandaa maombi ya viza, na swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni "niwe na shilingi ngapi?" Ni swali la haki, na baadhi ya nchi zina jibu la wazi kabisa. Ufaransa humtaka mgeni awe na euro 65 kwa siku akiwa na hoteli aliyokwisha kulipia, euro 120 kama hana, na euro 32.50 akifikia kwa mwenyeji aliyemwandikia hati rasmi ya mapokezi. Hispania hupiga hesabu kwa asilimia 10 ya kima cha chini cha mshahara wa mwezi kwa kila siku ya kukaa, kwa hiyo kiwango kinapanda kila mshahara huo unapopandishwa. New Zealand husema dola 1,000 za kwao kwa mwezi, au 400 kama malazi yamelipiwa. Thailand ina baht 20,000 kwa mtu mmoja na 40,000 kwa familia, kwa anayeingia na viza ya utalii. Uingereza haikutajii kiasi maalumu. Inataka tu uwe na za kutosha safari yako bila kufanya kazi wala kutegemea fedha za umma.

Ukizitazama takwimu hizo vizuri utaona kwamba karibu zote zimefungwa kwenye siku au kwenye mahali pa kulala. Kanuni ya Mipaka ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje, Ufaransa na Hispania zikiwemo, kipengele cha 6, inasema hivyo waziwazi: uwezo wa kujikimu unapimwa kwa muda na sababu ya safari, kwa kuzidisha idadi ya siku na bei za wastani za chakula na malazi ya gharama nafuu. Afisa anafanya hesabu ya kugawanya. Anachukua pesa yako, anaigawa kwa siku ulizotaja, kisha anatazama kama jibu linafanana na mtu aliyesimama mbele yake. Euro 900 kwa siku tano kwa mtu mwenye hoteli iliyolipiwa, hakuna maneno. Euro hizohizo kwa siku themanini, kwa mtu asiyejua atalala wapi usiku wa kwanza, ndipo maswali yanapoanza. Anajiuliza siku ya ishirini huyu atakula nini, na jibu linalomjia kichwani haraka ni kwamba atatafuta kibarua.

Kwa hiyo mtu akinieleza ana pesa kidogo, huwa simwambii aende kuazima. Namwambia apunguze siku.

Kuazima ndiko kunakoharibu maombi mengi ninayoletewa yakiwa yameshakataliwa. Taarifa ya benki ya miezi mitatu inaonyesha mtu anaishi na kiasi kidogo, halafu siku nne kabla ya kuomba viza linaingia fungu kubwa bila maelezo. Ofisa wa ubalozi hahitaji kuwa mpelelezi kuliona hilo. Pesa iliyolala benki muda mrefu ina uzito kuliko pesa nyingi, na baadhi ya sheria zimeliandika jambo hili kwa namba. Mwanafunzi anayekwenda Uingereza lazima aonyeshe kiasi chake kimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka. Mstaafu anayeomba kuongezewa mwaka Thailand kwa njia ya akiba huweka baht 800,000 katika benki ya humo miezi miwili kabla ya kuomba, anaziacha miezi mitatu baada ya kukubaliwa, na baada ya hapo haruhusiwi kushuka chini ya 400,000. Kama fungu lako ni halali, umeuza gari au umelipwa mafao, ambatanisha hati ya mauzo au barua ya mwajiri, ukurasa mmoja tu. Kimya ndicho kinacholifanya lionekane la kuazimwa.

Hapa naomba nitoe dukuduku langu dogo kuhusu noti. Kuna watu wanaamini fedha taslimu ndizo zinazomridhisha afisa, wanajaza mkoba. Afisa wa Schengen anaruhusiwa kuangalia taslimu, hundi za wasafiri na kadi za benki, na hata barua ya mdhamini. Hakuna anayekudai bunda. Na ukiingia Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi bila kuzitamka forodhani, au Marekani na zaidi ya dola 10,000, umejitengenezea kesi nyingine ambayo hukuwa nayo. Kadi inayofanya kazi, taarifa ya benki ya karibuni iliyochapishwa, na taslimu za siku chache zinatosha. Ichapishe kweli, kwenye karatasi. Simu huzima chaji, na intaneti ya uwanja wa ndege ina tabia ya kukataa pale unapoihitaji.

Jambo lingine ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kwamba viza si ahadi ya kuingia. Ubalozi umekuruhusu ufike mpakani. Mlango anaufungua afisa aliyeko pale, naye ana haki ya kuuliza upya yote uliyoulizwa ubalozini. Kabla yake kuna mtu wa shirika la ndege kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo. Huyo naye hukuuliza tiketi ya kurudi kwa ukali wa kushangaza, kwa sababu abiria akikataliwa, shirika ndilo linalombeba kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza faini juu ya hilo kama lilimpakia bila hati zinazotakiwa. Tiketi za kughushi zinazouzwa mitandaoni kwa ajili ya kupita kaunta hiyo sizigusi, na mteja akiniletea namrudishia. Nambari ya uhifadhi inakaguliwa kwa dakika moja, na uongo ukishaandikwa kwenye faili lako unakusubiri safari zote zijazo.

Sasa nirudi kwa yule mwenye mihuri, maana kundi lake ndilo linalonishughulisha siku hizi: watu wanaoishi nchi moja kwa viza za utalii zilizounganishwa kama shanga. Wapo wanaofanya kazi kwa kompyuta, wapo wastaafu, wapo wenye wachumba. Hawa wakiulizwa pesa wanafungua akaunti kwa kujiamini, halafu wanashangaa wakikataliwa. Ile hesabu ya kugawanya, kwao inageuka. Ukiwa na pesa ya kukaa miezi kumi na mihuri inayoonyesha kwamba kweli umekaa miezi kumi, umemthibitishia afisa jambo ambalo hukutaka kulithibitisha, yaani kwamba hapa ni nyumbani kwako. Kila pesa inavyozidi ndivyo swali lake la pili linavyokuwa gumu: inatoka wapi kila mwezi, na kazi hiyo unaifanyia wapi?

Sheria zenyewe hazifichi. Kanuni za Uingereza zinamkataza mgeni kuishi humo kwa vipindi virefu kupitia ziara za mara kwa mara au za kufuatana. Wala hazitaji idadi ya siku kwa mwaka, ingawa watu wamejibunia yao na kuieneza. Thailand tangu mwisho wa 2016 iliweka kikomo cha kuingia bila viza kupitia mipaka ya nchi kavu, mara mbili kwa mwaka wa kalenda. Schengen ina siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 imeanza mfumo wa kielektroniki wa kuandika kuingia na kutoka, hivyo ile bahati ya afisa kuruka muhuri uliofifia inaondoka. Marekani inakwenda mbali zaidi: sheria yake ya uhamiaji, kifungu cha 214(b), inamchukulia mwombaji wa viza ya utalii kuwa anataka kuhamia mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kinyume. Hapo akaunti nono bila kazi, familia au jambo lolote la kukurudisha haikusaidii sana.

Dawa ya kundi hili ni kubadilisha aina ya viza, na hapo namba zinakuwa kubwa lakini za ukweli. Hispania kwa mtu asiyefanya kazi humo inataka kipato cha asilimia 400 ya kigezo chao cha kipato, IPREM, ambacho ni euro 600 kwa mwezi; ni euro 2,400, na 600 zaidi kwa kila tegemezi. Thailand ilianzisha mwaka 2024 viza ya miaka mitano kwa wanaofanya kazi kwa mbali na wengineo, inayotaka akiba ya baht 500,000 na kuruhusu siku 180 kila ukiingia. Ni karatasi nyingi, na hujui usumbufu mpaka uambiwe nakala yako ya cheti cha polisi imepitwa na muda kwa siku mbili. Lakini kwenye viza ya aina hiyo pesa yako inazungumza upande wako. Unaombwa uthibitishe kwamba utaishi, na unathibitisha kwamba utaishi.

Kodi ni somo lake lenyewe, nitalifungulia siku nyingine. Kwa sasa jua tu kwamba kukaa zaidi ya nusu mwaka sehemu moja mara nyingi kunaamsha mamlaka nyingine kabisa, isiyo na dirisha la kioo.

Yule mteja tulimwombea viza ya muda mrefu. Ilichukua miezi mitano na tuligombana mara mbili juu ya tafsiri ya cheti cha ndoa. Alipofika mpakani, akiwa na taarifa ya benki mkononi tayari kuipigania, afisa hakuigusa. Alimuuliza anwani ya anakoishi. Hakuwa ameikariri.