Dawa ya maji ya kupaka kichwani: yale munaniulizaka

Tunaongelea dawa gani?
Zile za kortikoidi (dawa za kutuliza kuwasha na wekundu), klobetasoli ama betametazoni, kichupa kidogo docta anaandikaka kama kichwa kinawasha na magamba mazito ya soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi. Inasaidia kweli, lakini klobetasoli ni ya nguvu sana, isipite wiki 2 mfululizo wala mililita 50 kwa wiki.

Mutoto iko na mapunye, nimupake?
Hapana mama, tafadhali. Hapa Bukavu, mama mumoja wa Kadutu aliniletea mutoto alikuwa amemupaka hii dawa, kichwa kimetulia, hakiwashi tena, mama anafurahi, nikagusa nywele pembeni ya kile kipara cha duara zikakatika mu vidole, na vipara vingine 3 vilikuwa vimeanza nyuma ya sikio. Kortikoidi inazimisha tu kuwasha na wekundu, fangasi zinaendelea kutembea chini. Mapunye inataka dawa ya kumeza, griseofulvini ama terbinafini, wiki kazaa, juu ya kupaka peke yake haifike ku mizizi ya nywele.

Nakunywa dawa za virusi vya UKIMWI, iko shida?
Inategemea ni gani. Dolutegravir haina shida na hii. Lakini kama mu zile zako muko ritonavir ama cobicistat, hizo zinazuia ini kuvunja kortikoidi, basi ile kidogo inapita mu ngozi inabakia mu damu inajikusanya, uso unavimba kama duara, tansio na sukari vinapanda. Itrakonazoli ya fangasi inafanya vilevile. Usiache dawa za virusi hata siku moja!! Beba boksi yake, onyesha docta, atakubadilishia ile ya kichwa.

Na kama niko na sukari?
Pima mara nyingi zaidi siku unapaka. Mwenye presha ya macho achunge isitiririke mu jicho.

Napaka pia mafuta ya kung'arisha ngozi, inahusu nini?
Inahusu sana dada yangu, na hii njo watu wanafichaka. Mengi ya soko iko na klobetasoli ndani, hata kama haijaandikwa, sasa unapaka mwili muzima asubuhi na mangaribi halafu unaongeza ya kichwa, mwili unahesabu yote pamoja na unaacha kutengeneza kortizoli yake yenyewe, ile homoni ya mwili inafanana na hizi dawa. Mimi sitakugombeza, niambie tu. Na kama umepaka miezi mingi usikate gafla, muganga akupunguzie polepole.

Ya mwisho: naweza kupika nikishapaka?
Ngoja kichwa kikauke kwanza, nyingi ziko na alkoli, zinashika moto mbele ya mbabula.