Programu "kuganda" maana yake nini hasa?

"Bro, imeganda tena." Dogo mmoja wa Majengo, hapa Moshi, alinisogezea laptopu yake. Alikuwa anafungua mradi wa app ya simu, mstari wa chini unatembea tu bila kufika. Tangu asubuhi alishaizima programu kwa nguvu mara tatu. Nikabofya menyu ya juu. Ikafunguka papo hapo. Basi haijaganda.

Neno lenyewe ndilo linalotuponza, maana tunalibebesha mambo matatu yasiyofanana.

Chukua duka la Mangi. Yuko peke yake kaunta. Ukitaka kiberiti, unapewa hapo hapo. Ukitaka kilo 20 za unga, anaingia stoo, na waliofika nyuma yako wanagonga kaunta, "Mangi! Mangi!", kimya. Programu yenye dirisha nayo ina Mangi wake: uzi mmoja wa kazi unaopokea kila unachobofya na kuchora unachokiona. Ukishikwa na kazi nzito, dirisha halijibu. Windows huvumilia sekunde 5 hivi, kisha hulipausha dirisha na kuandika kwamba halijibu. Stoo kunaendelea nini, Windows haijui. Imeona tu kaunta haina mtu.

Hali ya kwanza, na ya mara nyingi: stoo kuna kazi. Mazingira ya kuandikia programu, kama IntelliJ IDEA au Android Studio, yakifungua mradi kwa mara ya kwanza hupitia faili zake na kujenga faharasa: jina hili limetajwa wapi, linatumiwa na nani. Ndiyo inayokuwezesha baadaye kubofya jina la fungsheni ukapelekwa moja kwa moja lilipoandikwa. Sasa mradi wa lugha ya JavaScript wenye folda ya node_modules, inayohifadhi msimbo wa watu wengine mradi unaoutegemea, unaweza kubeba maelfu ya faili ambazo wewe hukuandika hata moja. Antivairasi nayo inataka kukagua kila faili inayofunguliwa. RAM ikiwa GB 4 na kivinjari kimeachwa wazi, mfumo unaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, nenda kachemshe chai. Ukitazama orodha ya kazi za kompyuta utaona prosesa au diski iko juu. Iache ifanye kazi.

Hali ya pili ndiyo iliyompata dogo. Prosesa ilikuwa chini, diski imetulia. Mangi alikuwepo kaunta, ila alishamtuma kijana sokoni Mbuyuni na kijana hajarudi. Mradi wa Android hutumia Gradle, chombo cha kuujenga msimbo kuwa app, ambayo mara ya kwanza hushusha kutoka kwenye intaneti maktaba zote zinazohitajika, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine. Laptopu ilikuwa imeunganishwa na hotspoti ya simu yake, alama ya waifai imejaa, lakini bando lilikuwa limekata. Alama ile inaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya laptopu na simu tu, haikuambii kama simu ina intaneti. Gradle inaomba, inasubiri, inaomba tena. Maktaba zikishashuka zote, unaweza kuiambia ifanye kazi bila mtandao. Kabla ya hapo hakuna ujanja.

Kuganda kwenyewe ni hali ya tatu. Mangi hatoi mizani mpaka jirani alete chenji, jirani hatoi chenji mpaka apate mizani. Nyuzi mbili zimeshika kila mmoja anachokitaka mwenzake, na hata ukisubiri hadi kesho hakuna kitakachosogea. Kwa programu zinazotumia Java, amri ya jstack huorodhesha nyuzi zote na kuonyesha ipi imeshika nini. Hapa, zima bila huruma.

Lakini ukizima katika hali ya kwanza, faharasa inaweza kubaki nusu. Ukifungua tena, inaanza upya au inajikwaa kwenye kile kipande kibovu, na hapo ndipo tatizo la kweli linapozaliwa. Ikifika huko, tumia amri ya kufuta kashe (akiba ya muda ambamo faharasa imo) iliyomo kwenye menyu ya faili. Faharasa itajengwa upya, na ulichoandika hakiguswi.

Dogo alinunua bando, akarudi kukaa. Mstari ukaanza kuhesabu faili zinazoshuka, moja baada ya nyingine. "Kwa hiyo tangu asubuhi nilikuwa naizima bure?" Nikamwambia asifunge tu.