Kwa nini geti la Dodoma huanza kuoza chini

Kazi yangu ni vyuma, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mji mkavu namna hii, kutu inatoka wapi? Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi chote chuma kitupu kinaweza kukaa juani kikafubaa tu, kwa sababu hewa kavu peke yake haikisumbui. Kutu inataka oksijeni na maji kwa pamoja.

Dondosha tone la maji kwenye kipande cha chuma ulichokisugua kwa msasa, kisha usubiri. Kutu hujichora kama pete, na haianzii katikati ya tone. Pembezoni oksijeni ya hewani huingia kwa urahisi. Katikati ni haba. Kwa hiyo chuma cha katikati hupoteza elektroni, chembe ndogo sana zenye umeme, na kuyeyuka kidogo kidogo, elektroni hizo hupita ndani ya chuma chenyewe hadi pembezoni, na huko oksijeni na maji huzipokea. Kilichoyeyuka kikikutana na oksijeni hugeuka kuwa ule unga mwekundu. Ni betri ndogo kabisa, ila haiwashi taa.

Betri hiyo hufanya kazi haraka zaidi maji yakiwa na chumvi, maana chumvi hupitisha umeme vizuri. Ndiyo sababu mabati ya pwani huisha mapema. Lakini hata huku visima vingi vina maji ya chumvi, na ndiyo tunayomwagilia maua kando ya geti. Vumbi letu jekundu nalo hujikusanya kwenye kona za chini na kushika unyevu, huku juu pameshakauka zamani.

Alumini nayo hushikwa na oksijeni, tena upesi, ila utando wake ni mwembamba, umeshikamana na unazuia hewa. Kutu ya chuma ina vinyweleo na hubanduka, basi chuma kipya hubaki wazi kila siku.

Bati ni chuma kilichopakwa zinki, na zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kipone. Tatizo ni mafundi wanaochomelea bomba la chuma lililopakwa zinki, kisha wanapaka rangi ya fedha juu ya kiungo kupendezesha. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, moto wa kuchomelea unazidi hapo kwa mbali, kwa hiyo pale kwenye kiungo kinga imeondoka na ule moshi mweupe. (Moshi huo usiuvute, homa yake naijua.) Sugua kiungo kwa brashi ya waya hadi king'ae, upake rangi yenye zinki, ndipo upake rangi ya juu.

Kama geti ni la bomba za mraba, mwambie fundi atoboe tundu dogo upande wa chini wa kila bomba, maji yaliyoingia yapate pa kutokea.